Ufunguo wa nati za kufuli ukipotea, gurudumu hutolewaje?

DEREVA anayepata pancha usiku kando ya Barabara ya Morogoro, akiwa na jeki, spana na tairi la akiba, hudhani hana cha kuhofia. Hufungua nati nne bila taabu, kisha akakuta ya tano haina pembe sita kama zile nyingine, bali ni duara lenye mifereji iliyopindapinda. Hiyo ni nati ya kufuli, na pasipo ufunguo wake, tairi la akiba hugeuka mzigo.

Nati hizo, kwa kawaida moja katika kila gurudumu, huwekwa ili kuwazuia wezi wa rimu. Ufunguo wake ni kipande kidogo cha chuma mfano wa soketi: upande mmoja huingia katika mifereji ya nati, wa pili hushikwa na spana. Magari yaliyotumika kutoka Japani hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa, na kipande hicho ni chepesi kupotea. Pengine husahaulika kwa fundi wa matairi, naye mwenye gari asigundue kwa miezi kadhaa.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kwa makini: chini ya zulia la buti, ndani ya uwazi wa tairi la akiba, katika mfuko wa jeki na kwenye kisanduku cha dashibodi. Ikipatikana kadi yenye namba ya ufunguo, mwingine waweza kuagizwa kwa mtengenezaji wa nati hizo, kama vile kampuni ya McGard ya Marekani.

Ikishindikana, kazi ni ya fundi. Gari hubaki chini, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na nati nyingine zikazwe ili kuipunguzia mzigo ile ya kufuli. Fundi huchukua soketi iliyo ndogo kidogo kuliko nati, huipigilia kwa nyundo hadi ing'ate, kisha huizungusha kwa mkono mrefu wa spana. Iliyo bora zaidi ni soketi maalumu ya kung'olea, ambayo meno yake ya ndani yamepinda kinyume. Kadiri inavyozungushwa kufungua ndivyo inavyozidi kung'ata. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, kwani chuma kigumu huweza kumeguka. Baadhi ya nati zina pete ya nje inayozunguka ovyo. Hiyo sharti iondolewe kwanza, la sivyo soketi itazunguka bure.

Wapo mafundi wanaopendelea kuichomelea nati nyingine juu ya ile ya kufuli. Njia hiyo hufanikiwa, lakini ni ya hatari kubwa. Moto huweza kuharibu rimu na beringi, na ukifika kwenye tairi huweza kuifanya mpira wake utoe gesi ndani hadi tairi lilipuke. Kutoa upepo pekee hakuondoi hatari hiyo. Mwenye gari ana haki ya kukataa.

Nati mpya nayo haichaguliwi kwa macho. Toyota nyingi ndogo hutumia nati za milimita 12 zenye uzi wa milimita 1.5, lakini rimu asilia za aloi za kampuni hiyo mara nyingi huhitaji nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununuliwa dukani huhitaji yenye kichwa cha pia. Zikichanganywa, gurudumu huweza kulegea njiani. Kipimo cha kukazia katika Corolla nyingi ni Newton-mita 103, na nati hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ufunguo ukiwapo, utumike kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo, ipendwayo na mafundi wenye haraka, huuvunja upesi.