Toka teatre mpaka sinema

Katika seminari na paroisi zetu, kucheza teatre si jambo geni. Noeli ikikaribia, ao sikukuu ya msimamizi wa paroisi, vijana huvaa kanzu na mashuka, wakacheza Mateso ya Bwana wetu ao maisha ya Mwenye Heri Anuarite. Siku hizi hakosi mmoja mwenye kusimama nyuma na simu yake, akikamata mchezo wote toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu tukitazama picha zile tunashangaa: mchezo uliotutoa machozi umekuwa baridi kama uji wa jana. Wachezaji ni wale wale, maneno ni yale yale. Basi, kasoro iko wapi?

Kasoro ni hii: teatre hutegemea sikio kwanza, sinema hutegemea jicho. Mwenye kuhamisha mchezo yampasa ahamishe maana yake, si maneno tu. Ili tufahamu vema, tuangalie mfano mmoja.

Robert Bolt, Mwingereza asiyekuwa Mkatoliki, alitunga mchezo A Man for All Seasons, ndiyo kusema «Mtu wa majira yote», juu ya Mtakatifu Thomas More. Ulichezwa katika teatre ya London mwaka 1960. Mwaka 1966 Fred Zinnemann aliufanya sinema, na Bolt mwenyewe aliyaandika upya maneno yake. Filme hiyo ilipata zawadi 6 za Oscar, na mwaka 1995 Vatikano iliitia katika orodha ya filme 45 zilizo bora.

Habari yenyewe twaijua. Mfalme Henry VIII alitaka kumwacha mke wake Catherine amwoe Anne Boleyn. Papa hakukubali, na mfalme akajifanya mkuu wa Eklezia katika Uingereza. Thomas More, aliyekuwa Chanselieri wake, alikataa kuapa kiapo kilichotakwa. Alikatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535, na Papa Pio XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1935.

Bolt alibadili nini? Kwanza, mahali. Jukwaani mto hutajwa kwa maneno. Katika sinema twauona mto wenyewe. Mfalme anafika kwa mashua nyumbani kwa More, anaruka, miguu yake inazama katika matope. Wakubwa wote wananyamaza kwa woga. Mfalme anacheka, nao wanacheka, wanaruka matopeni pamoja na nguo zao nzuri. Hapo hakuna haja ya hotuba: tumekwisha kujua watu wale ni watumwa wa namna gani.

Pili, kimya. Ngao ya More mbele ya waamuzi ilikuwa kunyamaza. Jukwaani, mtu wa benchi la mwisho haoni macho ya mchezaji. Katika sinema uso wa Paul Scofield, aliyemcheza More mahali pote pawili, unajaza ukuta mzima, na kimya chake kinasema.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Bolt aliondoa mtu mmoja. Katika teatre alikuwako «Mtu wa kawaida», mwenye kusema na watazamaji. Mtu yule yule, kwa kubadili kofia na nguo, alikuwa mtumishi wa nyumba, mpiga-kasia, mwenye kuuza pombe, mlinzi wa gereza, na mwisho mwenye kukata kichwa. Hakumchukia More hata kidogo. Alitaka tu kuishi salama. Katika sinema, penye maji na matope ya kweli, mtu mmoja mwenye kofia nyingi asingeaminika. Kila kazi ikapewa mtu wake.

Lakini kitu kimepotea. Jukwaani yule mtu alitugeukia, tukajiuliza: «Je, mimi si yeye?» Katika sinema twamsifu Mtakatifu, tukaenda kulala. Bolt aliokoa sehemu ndogo. Maneno juu ya mwisho wa watesi, yaliyosomwa jukwaani More akiwa gerezani, aliyahamisha: shoka likiisha kushuka, sauti yatuambia kwamba Cromwell alikatwa kichwa vilevile, na Rich, aliyetoa ushahidi wa uongo, alikufa kitandani mwake. Swali linaturudia mlangoni.

Basi, ndugu, tukitaka kumtia Anuarite katika picha, tusisimamishe simu nyuma ya watu. Tukaribie nyuso. Tufute maneno ambayo jicho limekwisha kuyaona: mtu akilia, asiseme «ninalia». Tena tusiache swali lipotee njiani. Usiku ule wa Isiro, kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, hawakuwako shahidi na mkubwa wa askari tu. Walikuwako pia askari walioitikia amri. Tuonyeshe uso wa mmoja wao kabla hajainua mkono. Mwenye kutazama atamheshimu Anuarite; lakini katika uso ule pengine atajiona mwenyewe, na hapo mchezo wetu utakuwa umefanya kazi ya mahubiri.