Kadi ya Idi Yenye Jani la Mkunazi

Idi ya mwaka juzi nilimpigia simu dada yangu mkubwa aliyeko Mombasa. Baada ya kuulizana hali na kutajiana wagonjwa, akaniambia: "Leo asubuhi nimepata picha za Idi arubaini na kitu kwenye simu. Mwezi, taa, misikiti, maua yanayometameta. Hakuna hata moja iliyonitaja jina."

Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana picha moja katika hizo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeletewa na mtu, nami nikaisambaza kwa watu wote walio kwenye simu yangu kwa kidole kimoja, hata baibui sijavaa. Na dada yangu si mtu wa kusalimiwa kwa kidole kimoja. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele nikaenda skuli.

Tena masikio yake siku hizi hayashiki vizuri, simu kwake ni kelele tu. Alichobaki nacho ni macho, miwani, na kile kioo cha kukuza herufi anachosomea msahafu. Basi nikatia nia: Idi ijayo atapata kadi ya karatasi, iliyochorwa kwa mkono, yenye jina lake.

Sisi tunakaa Qantab, kijiji cha wavuvi nyuma ya milima ya Muscat. Ukitoka Al Wadi Al Kabir barabara inapanda na kupindapinda katikati ya majabali makavu, kisha inakushusha mpaka baharini penye mashua. Mgeni akifika hapa atasema hapana mmea, ni mawe na bahari. Mimi mwenyewe nilisema hivyo miaka mingi. Lakini mtu akitafuta cha kuchora, macho hufunguka. Wadini mna msidiri na msamuri. Kando ya njia kuna ashkhar, ule mmea wa majani mazito na utomvu mweupe, unaotoa maua ya zambarau pasipo mtu kuupanda wala kuumwagilia maji. Majumbani kuna mndimu, asumini, mwarobaini, na ule mti wa kivuli kipana ambao Waomani huuita bidam na sisi tunauita mkungu.

Mimea nikaichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika jamaa zetu wamo wasiotaka picha ya kiumbe chenye roho ndani ya nyumba, na jani halina ugomvi na mtu. Pili, jani ndicho kitu pekee nilichofundishwa kuchora. Sekondari nilisoma skuli ya wamisheni, na mwalimu wetu wa biolojia alikuwa sista mkali. Penseli ichongwe mpaka ichome. Mstari uwe mmoja, usiokwaruzwakwaruzwa. Kivuli hapana, mapambo hapana. Chora unachokiona, si unachodhani unakijua. Sentensi hiyo nikaja kuirudia mbele ya watoto wa watu miaka yote niliyofundisha. Ikifika mwezi wa Disemba sista huyo huyo alitugawia vipande vya karatasi ya manila tutengeneze kadi. Wenzetu walitengeneza za Krismasi, na sisi wasichana wa Kiislamu akatuachia tuweke zetu za Idi.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na mmoja. Kama watoto wengi wa nyumba zetu huku, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiarabu. Ukimwambia "Niletee maji" ataleta, lakini neno halimtoki. Siku moja ya Ramadhani baada ya laasiri nilipoweka penseli mezani alikuja akakaa. Nikamwambia achague mmea. Akatoka nje, akarudi na kitawi cha msidiri, yaani mkunazi, chenye majani sita na kunazi tatu zilizoiva.

Nikasita. Msomaji anajua kwa nini. Majani ya mkunazi ndiyo tunayooshea maiti. Dada yangu amepita miaka sabini na tano, na mimi nimpelekee jani la mkunazi siku ya Idi? Nilitaka kumwambia mtoto akalete asumini. Lakini alikuwa ameshaanza kuchora, na mimi nikakaa nikafikiri. Mti huo huo umetajwa katika Suratul Waqia miongoni mwa miti ya Peponi. Mti huo huo huku Oman nyuki wake hutoa asali ambayo watu huiwekea akiba. Na mti huo huo, kwa dada na mimi, ni kunazi tulizoziokota tukazificha kwenye mikunjo ya kanga. Nikamwacha aendelee.

Ugomvi ukaja kwenye jani la tatu. Lilikuwa limegeuka, upande wa chini uko juu. Nikamwambia, "Hapo acha peupe. Jani la mkunazi chini ni jeupe, lina manyoya kama pamba." Akaniangalia. Akalichukua jani, akaligeuza, akaniwekea karibu na miwani. "La, Bibi. Akhdar." Kijani. Kijani kilichopauka kidogo, lakini kijani.

Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nachora mkunazi wa utotoni. Nilipotulia nikakumbuka elimu yangu: hii ni miti ndugu, si mti mmoja. Mkunazi uliozoeleka pwani kwetu ni Ziziphus mauritiana, na chini ya jani lake kweli kuna manyoya meupe. Msidiri wa Oman ni Ziziphus spina-christi, na wake hauna pamba hiyo. Yote miwili ina mishipa mitatu mikubwa inayoanzia kwenye kikonyo na kwenda pamoja mpaka ncha. Mwalimu mzima, nimemwambia mtoto achore nilichodhani nakijua. Sista angenipa sifuri.

Kwa anayetaka kujaribu na watoto wake, vifaa ni vichache. Boksi la penseli za rangi ishirini na nne linatosha sana. Nunueni karatasi nzito isiyong'aa, maana inayong'aa haishiki rangi. Karatasi ya A4 ikikatwa nusu na kila nusu ikakunjwa, mnapata kadi mbili zinazoingia kwenye bahasha ya C6. Choreni kwanza, kunjeni baadaye. Kabla ya kukunja pitisheni rula na kalamu iliyokwisha wino pale pa kukunja, mkunjo utanyooka.

Mmea uwekeni kushoto kwenu kama mnatumia mkono wa kulia, na mwanga utoke upande mmoja tu. Chini ya kiganja wekeni karatasi nyingine, kwa sababu jasho la Muscat linaharibu kazi. Anzeni na penseli ya kawaida, mstari mwepesi, kwa ukubwa ule ule wa jani. Halafu rangi. Kosa la kila mtoto, na la wakubwa pia, ni kuchukua penseli ya kijani na kukandamiza. Jani halina kijani kimoja. Sisi tulianza na njano nyepesi jani zima, tukapitisha buluu kidogo upande wa kivuli, kisha kijani juu yake, na penye giza zaidi tukatia wekundu kidogo. Mkitia nyeusi, jani linakufa. Rangi huwekwa tabaka juu ya tabaka, mkono mwepesi, mara tano, mara sita. Mishipa ya jani haichorwi: huachwa nyepesi, kijani kikapita pembeni yake. Kunazi ni njano, kisha rangi ya machungwa, kisha kahawia upande mmoja, na kidoa cha karatasi tupu kiachwe pale mwanga unapopiga.

Penseli nyingi za rangi zina nta ndani, kwa hivyo msiziache kwenye gari wakati wa joto, zitalainika na kuvunjika ovyo. Mkiona baada ya siku chache mchoro umefanya ukungu mweupe, hiyo ni nta imepanda juu. Futeni taratibu kwa kitambaa laini.

Mtu ataniuliza, kwa nini usipige picha kwa simu ukamaliza? Oman yenyewe ina jibu zuri. Kitabu cha Plants of Dhofar, kilichotoka mwaka 1988, kimeandikwa na Anthony Miller na Miranda Morris, na mimea yake ilichorwa kwa mkono na Susanna Stuart-Smith. Mchoraji wa mimea anaweza kukuonesha katika ukurasa mmoja mbele na nyuma ya jani, ua na tunda, hata kama ua na tunda havionekani mwezi mmoja. Kamera huchukua ilichokikuta siku ile. Mchoraji hana budi aufahamu mmea kwanza.

Lakini simlaumu anayesambaza picha za Idi. Kadi ya salamu yenyewe ilianza kama njia ya mkato. Mwaka 1843 huko London, Henry Cole alikuwa na barua nyingi za sikukuu za kujibu na muda hana, basi akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja, ikachapwa nakala kama elfu moja. Kwa hivyo uvivu wetu una historia ndefu. Ila hata hizo kadi zilitiwa rangi kwa mkono, na nafasi iliachwa juu ya kuandika jina la anayepelekewa. Dada yangu hakuwa anataka zaidi ya hapo.

Mchoro ulituchukua alasiri nne. Ulipokwisha, mjukuu wangu akaikunja kadi ifunguke kama kitabu cha Kiarabu, kwa upande wa kulia. Nilitaka kuigeuza, kisha nikaona hapana, ndivyo alivyo. Ndani, ukurasa mmoja akaandika salamu za Idi kwa Kiarabu kwa mwandiko mzuri kunishinda. Ukurasa wa pili nikamwambia huu ni wa Kiswahili, uandike wewe. Akaniambia hajui. Nikamwambia sema kwanza, kisha andika unachosikia. Akakaa nusu saa. Mistari ilikuwa minne, jina la dada yangu kwanza, na wa mwisho ulisomeka: "Nakubenda sana Bibi".

Kiarabu hakina p, na mtoto aliandika alivyosikia sikio lake la Kiarabu. Mkono wa ualimu ukaniwasha kuchukua raba. Nikajizuia. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika sentensi nzima ya Kiswahili, na aliyeandikiwa alikuwa mtu wa kweli, si mwalimu wa mtihani. Kadi tukampa msafiri mkononi, wiki moja kabla ya Idi.

Siku ya Idi mwaka jana nilipopiga simu dada hakunisikia vizuri, tukapeana mkono wa Idi kwa kupiga kelele, tukakata. Kadi hakuitaja. Nikaingiwa na wasiwasi wa jani la mkunazi. Nikasema moyoni, nimemuudhi mtu mzima, nimemkumbusha josho.

Wiki tano baadaye msafiri akarudi na bahasha. Haikuandikwa jina langu, iliandikwa jina la mjukuu wangu. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari ya mistari, mwandiko ule ule wa dada uliokuwa ukiandika jina langu kwenye vitabu vyangu vya skuli, sasa unatetemeka kidogo. Tuliisoma pamoja, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikimsaidia penye maneno marefu.

"Mjukuu wangu," aliandika, "kadi nimeipata, nimeitazama kwa kioo. Huu si mkunazi wetu. Wetu chini ya jani ni mweupe. Nikajua basi hukunakili kitabuni wala bibi yako hakukuchorea, umeukata mti ulio mlangoni kwenu ukanitazamia. Ahsante. Mimi na bibi yako tuliwahi kupigwa kwa ajili ya kunazi, muulize. Na 'nakupenda' ina p. Tumbo lake liko juu, si chini. Niandikie tena nione kama umeshika."

Mjukuu wangu aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza kuhusu kupigwa, nikamhadithia, kwa Kiswahili, na maswali yake yote siku ile aliuliza kwa Kiswahili, kilichochanganyika lakini Kiswahili.

Barua sasa iko ndani ya msahafu wake. Juzi ameniletea jani la bidam lililogeuka jekundu kabla ya kuanguka, akaniuliza sisi tunaliitaje. Nikamwambia mkungu. Akaandika neno hilo pembeni ya karatasi kwa penseli, na chini yake akajaribu herufi ya p mara saba au nane, tumbo likiwa juu.