Corvair: gari la injini ya nyuma na masharti ya kuliongezea kasi

Zaidi ya nusu karne tangu kiwanda kiache kulitengeneza, gari la Kimarekani la Chevrolet Corvair bado linafumuliwa na kuundwa upya na mafundi wanaotaka liende kasi zaidi. Hata hivyo, historia ya gari hilo inaonesha kwamba nguvu ya injini ndiyo inayopaswa kushughulikiwa mwisho.

Corvair liliingia sokoni mwaka 1959, na uzalishaji wake ukakoma mwezi Mei mwaka 1969. Injini yake ya silinda sita ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa badala ya maji. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya uzito wa gari huelemea magurudumu ya nyuma.

Katika magari ya miaka ya mwanzo, kila ekseli ya nyuma ilikuwa na kiungo upande wa ndani tu. Dereva akikata kona kwa kasi, mwili wa gari huinuka, gurudumu la nje hujikunja kuelekea chini, na mkia wa gari huweza kuteleza ghafla. Kiwanda kilijaribu kupunguza hatari hiyo kwa kushauri tairi za mbele zijazwe upepo wa paundi 15 tu kwa inchi mraba, na za nyuma 26. Wenye magari wengi hawakuzingatia tofauti hiyo.

Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alilishutumu gari hilo katika kitabu chake kuhusu usalama wa magari. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 1972 ulihitimisha kuwa Corvair halikuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake.

Kabla ya hapo kiwanda kilikuwa kimeshafanya marekebisho. Mwaka 1964 kiliongeza springi ya kukingama nyuma, na magari ya mwaka 1965 yakapewa mfumo mpya kabisa wa magurudumu ya nyuma. Hiyo ndiyo sababu wapenda mbio wengi huchagua magari ya kuanzia mwaka huo.

Kuhusu nguvu, injini ya kwanza ilitoa nguvu za farasi 80. Mwaka 1962 lilitoka gari lenye turbo, yaani kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na nguvu zikafikia 150. Baadaye zilifika 180. Njia nyingine ilikuwa kufunga kabureta nne, zilizotoa nguvu 140.

Mwishoni mwa mwaka 1965 Don Yenko, muuza magari na dereva wa mashindano kutoka jimbo la Pennsylvania, alitengeneza magari 100 aliyoyaita Stinger. Aliondoa kiti cha nyuma ili yakubaliwe kuwa magari ya michezo, kisha akaimarisha injini na usukani.

Fundi wa leo huanza na tairi bora, springi na breki za diski mbele. Kisha hubadilisha mipira ya kuzuia oili isivuje. Kazi hiyo si ya usafi tu: hewa ya kupasha joto chumba cha abiria hupitia kwenye injini, hivyo oili inayovuja huingiza mafusho mahali anapokaa dereva.

Hatimaye hushughulikia kipozea oili, kwani kila nguvu inayoongezwa huzaa joto, na injini hii haina maji ya kulipunguza.