Suheli Haichomozi Chicago

Kuna nyota ambayo mtu anaweza kuzaliwa Chicago, akazeeka na kuzikwa hapohapo bila kuiona hata mara moja, ilhali mvuvi wa Kunduchi huiona kila Februari giza linapoingia. Ni Suheli, ambayo Wazungu huiita Canopus, ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku. Taa za mji huficha nyota nyingi Chicago, lakini Suheli hata umeme ukikatika mji mzima haitaonekana. Chicago iko kaskazini mno, na mviringo wa dunia umeificha nyota hiyo.

Hilo tulilijua baada ya kulipa kiingilio. Tulipotoka mtaa wa Rogers Park Jumamosi moja ya Februari hatukuwa na hoja yoyote ya kisayansi. Tulikuwa wanne: nesi wa Tanga, fundi umeme wa Mombasa, dereva wa lori wa Bukavu, na mimi. Nesi alikuwa na siku ya mapumziko, jambo adimu, akasema hataki kuimalizia jikoni. Basi tukapanda treni, kisha basi, halafu tukaikabili kwa miguu ile barabara inayoingia ziwani kuelekea Adler Planetarium, jumba la kuonyeshea nyota. Upepo wa Ziwa Michigan wakati huo hauna adabu. Njiani kuna sanamu ya Copernicus ameketi na vyombo vyake mkononi. Dereva alimpa pole kwa kukaa nje na baridi ile, akaongeza mwendo.

Jumba lenyewe lina pande kumi na mbili, limejengwa kwa mawe ya granaiti, na kwenye pembe zake kuna alama za shaba za nyota za falaki: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, mpaka Samaki. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 1930, likawa la kwanza la aina yake katika bara zima la Amerika. Mwenye fedha alikuwa Max Adler, mpiga fidla aliyeacha muziki akaingia katika biashara ya kampuni ya Sears. Alisikia habari za mtambo wa ajabu Ujerumani, akaenda kuuona pamoja na msanifu majengo Ernest Grunsfeld, wakarudi na uamuzi. Mjukuu wa Grunsfeld, John, baadaye akawa mwanaanga na kwenda angani kuikarabati darubini ya Hubble. Fundi wetu alifurahishwa na habari hiyo kuliko zote: babu anajenga nyumba ya nyota za bandia, mjukuu anakwenda kufanya ufundi kwenye za kweli.

Vyumba vya maonyesho tulivipita haraka, isipokuwa mahali pawili. Kwanza ni chombo cha Gemini 12, kile alichorukia Jim Lovell pamoja na Buzz Aldrin Novemba 1966. Ndani yake pana nafasi kama ya kiti cha mbele cha daladala, na wawili wale walikaa humo karibu siku nne. Nesi alikizunguka akikikagua kama anavyokagua wodi, kisha akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo kichwani: "Na choo?" Hatukupata jibu la kuridhisha.

Pili ni makabati ya vyombo vya kale. Adler alinunua mkusanyo wa Anton Mensing wa Amsterdam, na ndani yake mna astrolabu, yaani mabamba ya shaba ya kupimia kimo cha nyota, yamechongwa kwa ustadi unaotia wivu. Kwa mtu wa Pwani, hapo si pa kupita tu. Manahodha waliokuja kwetu na kaskazi kutoka Uarabuni walikuwa na kifaa duni zaidi ya hicho, kibao cha mti chenye uzi wa mafundo, na kwacho walipima kwa vidole jinsi Nyota ya Kaskazini ilivyosimama juu ya bahari. Kila walipoteremka kusini, vidole vilipungua. Karibu na ikweta nyota ile ilizama, ikabidi washike nyingine. Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu hiyo katika karne ya 15, aliyaandika hayo kwa urefu, mpaka njia ya kufika Sofala. Kwa hiyo swali la anga linaonekanaje ukiwa wapi lilikuwa, kwa watu wale, swali la kufika salama au kutofika.

Nililikumbuka hilo tulipoingia ndani ya mpira wa bati. Huo ndio utani wa dereva. Jina lake rasmi ni Tufe la Atwood, lililotengenezwa mwaka 1913 kwa ajili ya Chuo cha Sayansi cha Chicago chini ya usimamizi wa Wallace Atwood. Kipenyo chake ni kama mita nne na nusu. Bati lake jembamba limetobolewa matundu 692, makubwa kwa nyota angavu na madogo kwa zilizofifia. Watu wachache huingia kwa zamu, taa huzimwa, mota inaliviringisha tufe, na mwanga wa nje unaopenya matunduni unakuwa nyota zinazochomoza na kutua.

"Kumbe iko matundu tu!" dereva alisema gizani, na watoto waliokuwa karibu wakacheka.

Ni matundu tu, na kwa maoni yangu hakuna kitu bora kuliko hicho katika jumba zima. Huhitaji kuelezwa. Unaona tundu, unaona nyota, unaelewa. Lakini lina kasoro moja ambayo fundi aliigundua kabla yangu: mhimili umefungwa. Anga lile ni la Chicago na litabaki kuwa la Chicago. Aliuliza kama linaweza kuinamishwa hadi Mombasa. Haliwezi.

Kumbe kasoro hiyohiyo iliwasumbua Wajerumani. Oskar von Miller, mwanzilishi wa jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich, alitaka tufe la namna hiyo, ila kubwa zaidi. Mhandisi Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss akaligeuza wazo: kwa nini tuizungushe nyumba nzima? Nyumba isimame, taa ndizo zizunguke. Mwaka 1923 mtambo wake ulimimina nyota zipatazo 4,500 kwenye kuba jeupe, watu wakaduwaa. Hata hivyo mtambo ule wa kwanza nao ulijua anga la Munich peke yake. Ni toleo la pili, lenye vichwa viwili na kiuno chembamba kama siafu, lililoweza kumpeleka mtazamaji popote duniani, kutoka ncha hadi ncha. Hilo la pili ndilo Max Adler aliloagiza.

Siku hizi ukumbi mkuu unatumia projekta za kidijitali, tangu mwaka 2011. Projekta hizi zina historia ya kisiasa pia: katika mdahalo wa urais wa 2008, John McCain alimsema Barack Obama kwa kuliombea jumba hili dola milioni tatu za kununulia alichokiita projekta ya kawaida, kana kwamba ni ile ya kumulikia ukuta darasani. Fedha hizo hazikutoka. Fundi, ambaye humtetea Obama katika kila jambo kwa sababu za kijiografia, alitaka tulijadili hilo kwa kina. Tulikataa.

Filamu ya kwanza iliturusha katikati ya magalaksi kwa kasi ya kichefuchefu, muziki ukinguruma, na sikujifunza kitu. Kilichofuata kilikuwa kipindi cha mtu hai, kijana mwenye kipaza sauti na kalamu ya mwanga, akieleza anga la jioni hiyo. Alituonyesha Nyota ya Kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Alipouliza kama kuna swali, nesi akanyoosha mkono na kumwomba atupeleke Tanga.

Kijana hakuijua Tanga. Akaijua Dar es Salaam, tukaridhiana.

Hapo ndipo kiingilio kiliporudi. Aliisogeza latitudo taratibu, na anga zima likaanza kuteleza kuelekea kaskazini. Nyota ya Kaskazini ilishuka digrii baada ya digrii, ikagusa ukingo wa ziwa la kuchora, ikazama. Wakati huohuo upande wa pili, mahali palipokuwa na giza tupu, Suheli ikachomoza na kupanda mpaka ikasimama kwenye kimo kilekile ambacho mwenzake alikuwa ameking'ang'ania Chicago. Orioni, aliyekuwa amesimama kusini, sasa alikuwa juu ya utosi wetu. Kilimia, kile ambacho wakulima wetu hupimia majira ya mvua na kiangazi, kilikuwa kikishuka magharibi. Kijana akasukuma saa kutoka saa mbili hadi saa sita usiku, na Msalaba wa Kusini ukaja umelala ubavu.

"Hiyo naijua," nesi alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Hiyo ilikuwa juu ya banda la kuku la bibi."

Tulipotoka, fundi alishikilia kwamba mashine inayoweza kuhama imelishinda bati. Mimi nilibaki na bati langu. Nikawaambia kuwa Kenya wapo Susan Murabana na Chu Owen, wenye The Travelling Telescope, wanaozungukia shule na darubini pamoja na kuba la kujazwa upepo, na mtoto akitoka ndani yake hahitaji kuomba asogezewe latitudo. Dereva alikuwa ameshafunga zipu hadi puani, lakini swali lake lilisikika.

"Na Bukavu watafika lini?"