Alhamisi ya soko pale Nyamukubi

Wamama wenzetu, sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu, mvua ya alasiri ikianza kugonga mabati tunawaza Kalehe.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa wengi kuliko siku nyingine, wamama na mizigo yao, wengine na watoto mgongoni. Mvua kali ikanyesha milimani. Mito ikashuka na matope, magogo na mawe makubwa, ikapita katikati ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa. Miili mingine iliokotwa ziwani, na wengi hawakuonekana hata leo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi 2014, mafuriko yalipiga Kalehe hiyo hiyo. Nyumba zaidi ya 700 zilibomoka, watu zaidi ya 130 wakapotea. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa bado shule ya msingi maji yaliporudi.

Tunasikia watu wa mjini wakiuliza: kwa nini hawahami? Anayeuliza hivyo hajawahi kushusha kapo la maharagi kutoka mlimani akitafuta mnunuzi. Kati ya mlima na ziwa, mahali pa tambarare ni padogo, na pengi ni udongo ulioletwa na mito yenyewe zamani. Ndipo barabara ya Bukavu na Goma inapopita, ndipo mitumbwi inapofika, ndipo soko lilipo. Mama anajenga penye riziki. Huko juu miti imekatwa kwa ajili ya mashamba na makala, udongo hauna cha kuushika. Na makala hayo tunapikia sisi wenyewe, tusijifiche.

Katika mkutano wetu mama mmoja aliuliza: mvua ikikukuta uko sokoni na watoto wako nyumbani bondeni, nani anawachukua? Tukanyamaza wote. Kila mmoja alikuwa akidhani jirani atawachukua, na jirani naye yuko sokoni.

Basi tumepatana hivi. Kila nyumba ya karibu na mto ina nyumba ya mama mwenzetu huko juu. Mvua ikizidi, watoto wanapanda kwake, mchana au usiku, bila kungoja simu. Hawarudi kuchukua nguo wala mbuzi. Wanapanda pembeni kwenye mlima, hawakimbii kufuata mto kuelekea ziwa. Ukisikia mawe yanagongana ndani ya maji, au maji yakigeuka matope ghafla, ondoka. Na maji yakipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, hapo ndipo hatari kubwa: huenda udongo umeanguka juu na kuziba mto, na utakapopasuka yote yatashuka pamoja. Watoto hupenda kwenda kuangalia mto uliokauka. Tuwakataze kabisa.

Bwana mmoja alicheka kwamba tunaita mvua. Mke wake ndiye wa kwanza kuandikisha nyumba yao.

Jumamosi hii, baada ya salongo, tutaipanda njia hiyo pamoja na watoto, wenye mimba na kokoo wetu wa fimbo, tuone inachukua dakika ngapi. Mje na mabuti, kuna utelezi pale kwenye migomba.