Jiwe Lisipasuliwe kwa Pupa



Katika ziara zetu za vikundi huko Taita, kuanzia Mwatate hadi pande za Kasigau, kuna kitu ambacho tumezoea kukiona uani: gunia kuukuu limetandikwa chini, jiwe pana la kupigia, nyundo, na kando yake lundo la madonge ya mawe yaliyo kama viazi. Mama akishamaliza kuteka maji na kupika, huketi hapo akaanza kupasua, donge moja moja. Mara nyingine mtoto yuko mgongoni. Anatafuta ganeti ya kijani, kile kito ambacho wanunuzi wa nje wanakiita tsavoraiti. Na huku chini Mombasa, pande za Changamwe na Miritini, vijana wanaochimba misingi ya nyumba na mashimo ya vyoo hukutana na madonge ya namna nyingine, ya rangi ya tope, mengine makubwa kushinda mpira. Wanayavunja, wanaona kitu kinang'aa, basi mtaa mzima unasikia kwamba kumepatikana almasi.

Kikundi kimoja cha akina mama kilituomba tuandike juu ya kazi hii. Sisi si wataalamu wa miamba. Lakini tumekaa na wachimbaji, tumeuliza, tumesoma, na tumeona jinsi watu wanavyopata hasara. Tunaloweza kusema ni kwamba hasara kubwa hutokea katika dakika ya kwanza, kabla hata broka hajafika.

Mwaka 2018 mama mmoja wa kikundi hicho alipewa kiazi kimoja kama malipo ya siku tatu za kuchekecha vifusi. Kilikuwa kizito kuliko vyote alivyowahi kushika. Akakiweka juu ya jiwe, akakipiga kwa nyundo ya mawe ile ya kuvunjia kokoto. Ndani mlikuwa na kijani safi kabisa, isipokuwa sasa ilikuwa vipande kama punje za mchele. Alitukabidhi zile punje kwenye karatasi tuzitazame. Hakulia, lakini alikaa kimya mpaka tulipoaga.

DONGE LINATOKA WAPI?

Kila mpishi anajua kwamba uji usipokorogwa vizuri unga hushikana ukafanya madonge, na kila donge lina kitu chake ndani. Mawe nayo yana mambo kama hayo. Kiumbe akifa baharini, huzama katika tope. Anapooza, vijidudu vinavyomwozesha hubadilisha maji yaliyo katika tope linalomzunguka, na chokaa iliyomo katika maji hayo huanza kuganda katikati ya chembe za tope, kama saruji. Baada ya muda panakuwa na donge gumu. Tope lililobaki nje hukandamizwa na uzito wa matabaka ya juu likawa jembamba kama karatasi, lakini lililo ndani ya donge limelindwa, halikandamizwi. Ndiyo maana ndani ya donge huweza kupatikana kombe zima lenye umbo lake, na nje ya donge usipate ila alama iliyobonyea.

Hivyo ndivyo yalivyo madonge ya Changamwe na Miritini. Mwamba wa huko ni tope la bahari la zamani sana, zaidi ya miaka milioni 145, na ndani yake wataalamu wamekuwa wakipata amonaiti tangu miaka ya 1870, wakati mabaki ya kwanza yalipopelekwa Ujerumani yakaandikwa vitabuni. Amonaiti alikuwa mnyama wa jamaa ya ngisi na pweza, mwenye kombe lililojiviringa kama pembe ya kondoo. Walikwisha duniani kote yapata miaka milioni 66 iliyopita. Kombe kama hilo lililogeuka jiwe ndilo tunaloliita kisukuku.

Na ile "almasi"? Donge linapokauka na kujikunja hupasuka ndani kwa ndani, na nyufa zile hujazwa na kalsaiti, madini ya chokaa yenye kung'aa. Ni nzuri kutazama, hatukatai. Lakini ikwaruze kwa msumari, utaona inakwaruzika. Ponda kipande kidogo, kitilie tone la siki au ndimu, kitatoa povu. Almasi haifanyi hata moja kati ya hayo. Kadhalika kuna chembe za manjano zinazong'aa kama dhahabu. Zigonge taratibu: dhahabu hubonyea ikawa bapa, hizi huvunjika. Hiyo ni piriti, chuma na kibiriti tu.

Viazi vya Taita vimepitia safari ndefu zaidi. Mwamba wake wenye weusi wa grafaiti, ule weusi wa penseli, ulikuwa pia tope la baharini, mahali ambapo maji yalikuwa yakikauka na kuacha chumvi. Wataalamu wanaona kwamba madonge yalianza humo kama mabonge ya madini ya chumvichumvi. Kisha, yapata miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana, tope lile likazikwa chini kabisa likapikwa kwa joto na kukandamizwa. Chumvi ikaondoka, na mahali pake pakafanyika ganeti. Kijani kinatokana na vanadiamu, na mara nyingine kromiamu, kidogo tu. Kito hiki kiligunduliwa na Campbell Bridges, kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha huku Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina la tsavoraiti lilitolewa mwaka 1974 na kampuni ya Tiffany ya New York, kwa heshima ya Tsavo yetu. Kwa hiyo jina lilitoka huku, faida sana ikabaki kule, lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.

Jambo la kushika hapa ni hili: kiazi kilichopikwa namna hiyo kina nyufa nyingi ndani. Ganeti iliyo safi hukaa katikati ya nyufa hizo, vipande vidogo vidogo, na kipande kikubwa kisicho na ufa ni nadra. Nyundo kubwa haichagui, inavunja mahali penye ufa na mahali pasipo nao.

KABLA YA KUINUA NYUNDO

Kwanza, osha. Sugua kwa brashi ya kufulia mpaka udongo wote utoke, kisha litazame jiwe likiwa bado na maji, kwa maana maji huonyesha rangi na mistari. Zungusha polepole juani. Usiku, weka tochi ya simu upande mmoja utazame upande wa pili. Kwenye pembe nyembamba unaweza kuona kama mwanga wa kijani unapita. Lipime mkononi pia. Ganeti ni nzito kuliko kwatzi ile nyeupe, kwa hiyo viazi viwili vya ukubwa mmoja vikitofautiana uzito, kile kizito kiwekwe kando kipasuliwe na mtu mwenye mkono mwepesi.

Pili, lalia donge kwenye mchanga au gunia lililokunjwa, si juu ya jiwe. Jiwe chini na chuma juu ndiyo yaliyommaliza yule mama. Tumia nyundo ndogo, gonga kufuata ufa ulioonekana, kidogo kidogo, ukiligeuza. Ukiwa na patasi ya mawe, iweke kwenye ufa. Usitumie nyundo moja kama patasi na kuipiga kwa nyundo nyingine. Chuma kigumu kikigonga chuma kigumu hurusha kipande, na tumeona jicho lililopotea kwa namna hiyo. Likishaonekana la kijani, acha nyundo kabisa. Kilichobaki kitolewe kwa koleo ndogo au kiachwe kama kilivyo. Fundi wa kukata vito atajua.

Tatu, moto. Wale wanaovunja kokoto wamezoea kuwasha moto juu ya mwamba na kuumwagia maji upasuke. Kwa kokoto sawa, ingawa hata hapo ni hatari, maana maji yaliyofungiwa ndani ya jiwe huchemka na jiwe likalipuka. Kwa ganeti usijaribu kamwe. Joto la ghafla litaongeza nyufa katika kile kilichokuwa safi. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, watu wanaokusanya visukuku vya Mazon Creek hutumia baridi badala ya moto: hulowesha donge majini, huliweka ndani ya friza ligande, hulitoa liyeyuke, tena na tena, mpaka linafunguka lenyewe mahali lilipo dhaifu, yaani mara nyingi palipo na jani au mnyama. Ni kazi ya subira, majuma kwa majuma. Tunaitaja si kwa sababu kila mtu ana friza, bali muone kwamba wenye uzoefu wa madonge hawana haraka ya kupiga.

VUMBI

Hapa tunaomba msomaji asiruke. Kwatzi ikivunjwa hutoa vumbi la silika, jembamba hata lisionekane, na vumbi hilo likiingia ndani ya mapafu halitoki. Baada ya miaka, mapafu hufanya makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Dalili zake, kikohozi, kukonda, pumzi fupi, zinafanana na za kifua kikuu, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ukienda zahanati mwambie daktari waziwazi, "Mimi napasua mawe." Asipoambiwa hatajua.

Dawa yake ni kinga, na kinga ya kwanza ni maji. Lowesha donge, lowesha gunia, nyunyiza tena kila mara. Tunajua maji Kasigau si jambo dogo, lakini kopo moja linatosha kwa kazi ya saa nzima, hata yale ya kuoshea vyombo. Pasulia nje, upepo ukitoka nyuma yako. Leso mdomoni inazuia mchanga, haizuii lile vumbi jembamba. Barakoa za N95 zinafanya kazi zaidi. Vaa miwani ya fundi. Nguo zisikung'utwe ndani ya nyumba. Na mtoto, jamani, asikae mgongoni. Mapafu yake madogo yako karibu na nyundo sawasawa na yako.

KUUZA

Karati moja ni gramu 0.2, maana yake gramu moja ni karati tano. Broka hununua kwa gramu, huko mbele inauzwa kwa karati baada ya kukatwa, na katika kukata zaidi ya nusu ya uzito hupotea. Kwa hiyo tofauti ya bei si wizi mtupu kama wengi wanavyodhani. Lakini kuuza peke yako, jioni, na karo inadaiwa kesho, ni kujitia kitanzi. Vikundi vinavyopima pamoja kwa mizani ndogo, vikaandika daftarini na kuwaita wanunuzi wawili au watatu siku moja, vinapata nafuu. Tumeliona hilo.

Kuhusu sheria: madini yote yaliyo ardhini ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lako. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatoa kibali cha mchimbaji mdogo kwa Wakenya, na inasema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii inayoishi penye machimbo, 20 ya kaunti. Asiye na kibali anauza kwa uoga, na mwoga hupewa bei ya mwoga. Muone afisa wa madini, mwende kama kikundi.

UKIONA MFUPA AU KOMBE

Hapo weka nyundo chini. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka anayegundua kisukuku atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali penyewe. Kukiuza ni kosa. Kwa watu wa pwani, Fort Jesus ni Makumbusho. Peleka habari hapo. Jiwe likiwa bado ardhini liache, weka alama, piga picha kwa simu. Mahali kilipolala ndipo panapomwambia mtaalamu umri wake, na kikishahamishwa habari hiyo imepotea.

Mtu huuliza, kipande kidogo kina maana gani? Mwaka 1984 huko Turkana, karibu na lugga la Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa kidogo kama kiberiti kati ya kokoto nyeusi. Hakuwa na shahada, alianza kama kibarua wa kuchimba. Kipande kile kilikuwa cha fuvu, na walipoendelea kuchimba taratibu walipata karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kama angekigonga aone ndani mna nini, basi.

Yule mama wa punje za mchele bado anapasua. Sasa ana kopo la maji, nyundo ya fundi viatu, na mtoto anabaki kwa nyanya yake. Katika mkutano uliopita alituonyesha kiazi kimoja alichokifunga ndani ya leso, kizito, bado hajakigusa. Anasema anangoja kwanza kikundi kipate kibali.