Chuo Kikuu na Wakfu Tuliousahau



Ndugu wasomaji, wazee wetu walipomwambia mtoto aende chuoni, walikusudia kwa mwalimu wa Kurani. Na katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa ni kitabu chenyewe. Kwa hiyo chuo kikuu si jambo geni kwetu, wala hakikuletwa na meli za wakoloni. Mwezi huu tumependelea kukumbushana kilikotoka na kinachokikwaza.

Katika mji wa Fez, Moroko, upo msikiti wa Al-Qarawiyyin. Wanahistoria husimulia kuwa ulianzishwa mwaka 859 na Bibi Fatima al-Fihri kwa mali aliyorithi. Jamaa zake walikuwa wahamiaji waliotoka Kairouan, Tunisia, kama sisi tulivyo wahamiaji huku. Msikiti ukawa mahali pa darsa, na darsa zikazaa chuo kilichopo hadi leo. Al-Azhar ya Cairo nayo ilianza kujengwa mwaka 970.

Ni kitu gani kilichovidumisha vyuo hivi karne baada ya karne? Jawabu kubwa ni wakfu. Mtu alitoa shamba, duka au nyumba ya kupangisha, na pato lake likawalisha wanafunzi na kuwalipa walimu. Mali ile haikuuzwa wala kurithiwa. Mwalimu aliyepata riziki yake hapo hakulazimika kumbembeleza mtawala.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, alizitwaa ardhi nyingi za wakfu, na wanazuoni wakazidi kuitegemea hazina ya serikali. Sheria ya mwaka 1961 iliiweka Al-Azhar zaidi chini ya dola; lakini sheria hiyo hiyo iliingiza utabibu, uhandisi na kilimo kando ya fiqhi. Hapa pana faida na hatari kwa pamoja: elimu ya dini na ya dunia zilikutanishwa, lakini mwanachuoni akawa hana budi kumtazama mlipaji kabla ya kusema.

Kwetu Afrika Mashariki, zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao wasije wakatolewa katika dini. Pengo lililobaki halikuzibika upesi. Azimio la kuanzisha chuo kikuu cha Kiislamu nchini Uganda lilipitishwa Lahore mwaka 1974, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu. Chuo kikafunguliwa Mbale mwaka 1988. Chuo Kikuu cha Zanzibar, huko Tunguu, kilifuata mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme. Kuta zimepatikana, alhamdulillahi. Lakini anayeshindwa ada hubaki nje ya kuta hizo.

Miaka michache iliyopita tulipokea barua ya kijana tuliyemfundisha. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu wa sayansi, na ada ilikuwa imemshinda. Barua ilifika wiki ile ile tuliyomaliza kuchangishana zulia jipya la msikiti wa hapa. Tulipompelekea kidogo tulichokuwa nacho, alikwisha rudi kwao. Zulia ni zuri, na twasali juu yake; lakini kila tusujudupo humkumbuka kijana yule.

Hatusemi zulia lisinunuliwe. Tunasema kuwa familia ishirini zikiweka kidogo kila mwezi, baada ya miaka kadhaa zaweza kununua duka moja nyumbani na kuliweka wakfu, kodi yake ikawa ada ya mwanafunzi mmoja, kisha mwingine, hata baada yetu sisi kufukiwa. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea. Bibi Fatima hakuwa sultani. Alikuwa binti wa mhamiaji mwenye urithi na nia.

Tulizungumze jambo hili majumbani mwetu, na baada ya sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.